King'amuzi Kimekata Kauli

Saa tano usiku kwangu Halifax, kwake Yorkton saa tatu,
simu inalia, na baba hasalimu.
"Kimekata kauli."
Nani, baba? Moyo mbio, nahesabu majirani:
mzee Prokop na sukari yake,
bibi Olesia wa nyumba ya kona.
"King'amuzi. Haking'amui kitu."

Nikaketi kitandani, soksi mguu mmoja,
nikaanza kama waanzavyo wote:
umechomeka?
Akanyamaza kimya cha mtu aliyetukanwa.
Miaka thelathini na moja alihudumia maghala ya ngano,
mikanda, minyororo, mota zenye kimo cha ndama,
nami namuuliza habari za plagi.

Haya. Taa?
"Nyekundu. Inapepesa, inazimika, inapepesa."
Feni?
"Inajaribu. Kama Lada ya Prokop mwezi wa Januari."
Chomoa, hesabu hadi sitini, chomeka.
Akahesabu kwa sauti, kwa Kiukraina,
bila kuruka hata moja, mimi macho yakinizidi uzito.
Sitini.
Kitu kikasema ti.
Kikasema ti.
Basi.

Nyuma kuna kitundu, nikamwambia, chembamba kama cha sindano.
Ingiza njiti, bonyeza sekunde kumi,
kitasahau kila kitu kianze upya.
"Hapana."
Baba, ni kitufe tu.
"Hapana, Daria."

Maana ndani ya kile kisanduku hamna filamu,
hamna harusi yangu, hamna hata mpira wa magongo.
Mna utabiri wa hali ya hewa.
Wa kila usiku, miaka tisa:
yule bwana wa tai ya buluu akisukuma mawingu kwa kiganja,
na baba kesho yake dirishani, chai mkononi, akilinganisha.
Ni ushahidi, husema. Siku moja watauliza.
Sijapata kujua ni nani hao watakaouliza.

Nikasikia droo, nikasikia bisibisi.
"Nimeshachomoa," akasema kabla sijafungua kinywa,
"nangoja umeme uliojibanza humo utoke wenyewe."
Skrubu nne zikalia kwenye sahani, moja moja.
Kisha pumzi yake, karibu mno na simu.
"Kapasita imevimba kichwa! Kama kopo la maharage yaliyooza!"
Furaha ile, ungedhani amejaliwa mjukuu.
Kumbe hupewa raha pia
yule aonyeshwaye mahali panapouma.

Akang'oa nyingine kwenye redio ya stoo,
akasoma namba ubavuni, akazisoma tena.
Angalia upande wa hasi, baba.
"Hasi naijua."
Alipokuwa akilehemu hatukuongea.
Lilinguruma jokofu lake, likaacha,
nikagundua kwamba nami nimebana pumzi,
maili maelfu kutoka kwenye moshi ule.

Kikawaka.
Akanisomea kioo kama asomaye barua ya serikali:
"Karibu. Subiri."
Tukasubiri.
"Diski haitambuliki. Futa yote? Ndiyo. Hapana."

Nikatafuta la kusema. Nikasema kule Regina
wapo mafundi wa kufufua diski, ni ghali, lakini nitachangia,
nikasema usibonyeze kitu, nikasema baba, upo?

"Mia nne na kumi na mbili."
Dola?
"Siku alizokosea. Zote nimeandika, daftari la ghala,
lile la jalada la kijani."
Na rimoti ikalia, mara moja.
Hakuniambia amebonyeza lipi. Nami sikuuliza.

Saa nne na dakika ishirini, saa ya ukutani kwake,
sauti ya muziki wa taarifa ikapenya.
"Kinanasa," akanong'ona, kama yule bwana angeweza kumsikia.
"Haya, ameanza. Anaahidi jua kesho.
Tutaona."
Akakata simu.